Dawa ya Maumivu na Kikombe cha Pombe: Wajibu Wetu kwa Wagonjwa wa Maumivu Sugu

Mada iliyotolewa na Tume ya Haki na Amani katika semina ya viongozi wa walei wa parokia za kandokando ya Ziwa Viktoria, Mwanza



 Wengine mmevuka maji tangu alfajiri mkitokea Ukerewe na visiwa vya jirani. Wengine mmetoka Sengerema, Magu na Misungwi. Huenda mada ya leo imewashangaza baadhi yenu. Mmezoea kuisikia Tume hii ikizungumzia mirathi ya wajane, migogoro ya ardhi, mauaji ya vikongwe na haki za wapiga kura. Leo tunazungumzia vidonge na pombe. Je, hilo si jambo la zahanati? Ni la zahanati, ndugu zetu, na tutajitahidi kuonyesha kwamba ni letu pia.

1. Tulichokiona tukanyamaza

Tuanze kwa kuungama. Wakati fulani baadhi yetu tulikwenda kumtembelea mgonjwa katika mwalo mmoja wa ziwa hili. Alikuwa mvuvi, mtu wa makamo, ambaye mgongo ulimtesa kwa miaka mingi. Tulipobisha hodi tulisikia purukushani ndogo ndani, kisha tukakaribishwa. Juu ya kigoda palikuwa na bahasha ya vidonge alivyopewa hospitalini, imeandikwa kwa kalamu ameze mara ngapi kwa siku. Chini ya kitanda ilichungulia chupa iliyosukumwa kwa haraka, na harufu ya gongo ilikuwa imejaa chumbani. Sote tuliona. Tukasali, tukaimba, tukamfariji, tukaaga. Njiani mmoja wetu akasema, “Bado hajaacha.” Wengine tukatikisa vichwa kwa masikitiko.

Siku nne baadaye tulirudi katika nyumba ile kwa ajili ya mazishi. Tuliambiwa kwamba jioni alilala mapema, usiku akakoroma mno, na asubuhi hakuamka.

Hatusimami hapa kutamka kilichomwua marehemu. Hakupimwa, wala hiyo si kazi yetu. Tunasema tu kwamba vitu viwili visivyopaswa kukaa pamoja tuliviona vimekaa pamoja chumbani mwake. Sisi tukaiwaza dhambi yake, tusiiwaze hatari iliyokuwa inamkabili. Naye alipotusikia mlangoni aliyaogopa macho yetu kuliko alivyoiogopa chupa ile. Hilo ndilo kosa tunalotaka kulitafakari leo, tusije tukalirudia.

2. Maumivu ya watu wetu ni ya kweli

Kabla ya kumlaumu mtu anayekunywa, yatupasa tumwulize anaumwa nini. Maumivu yanayodumu kwa miezi mitatu au zaidi ndiyo yanayoitwa maumivu sugu. Mwambao wetu una mengi ya namna hiyo. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kucha katika siku za giza, wakivuta nyavu zilizolowa na kubeba mizigo mizito kutoka mtumbwini hadi ufukweni. Wengi wao hufikia umri wa miaka 40 wakiwa na migongo ya wazee. Wapo ndugu zetu wa migodini Geita walioumia mabega na viuno. Wapo wagonjwa wa kisukari na wa Ukimwi ambao mishipa yao ya fahamu imedhurika, miguu ikawaka kama imekanyaga makaa. Wapo wagonjwa wa saratani.

Aidha, wapo wagonjwa wa selimundu. Ugonjwa huu wa damu wa kurithi una mizizi mirefu katika Kanda ya Ziwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018, uliofanywa na madaktari wa Bugando pamoja na wenzao kwa watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini magharibi mwa nchi yetu, ulionyesha kwamba takriban mtoto 1 kati ya 5 amebeba vinasaba vya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja, na zaidi kidogo ya 1 kati ya 100 anao ugonjwa wenyewe. Watoto hao hukua na mifupa inayouma kwa vipindi, na siku moja huwa vijana wanaoketi na wenzao vilabuni.

Basi, fikirini mtu wa namna hiyo saa saba za usiku, kisiwani, dawa zimemwishia, na zahanati iko ng'ambo ya maji. Gongo iko nyumba ya tatu, na bei yake ni ndogo. Tusishangae akienda huko. Kutuliza uchungu kwa kinywaji ni desturi ya kale, tena mara nyingi ilitokana na huruma. Injili ya Marko inasimulia kwamba pale Kalvari Bwana wetu alipewa divai iliyotiwa manemane, asiipokee. Wapo pia wanaotukumbusha kwamba Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Ni kweli alimshauri hivyo. Lakini Timotheo hakuwa na bahasha ya tramadoli mfukoni. Dawa tulizo nazo leo zina nguvu ambayo watu wa nyakati zile hawakuijua. Ushauri uliomfaa mtu asiye na dawa waweza kumwua mtu aliye nazo.

3. Pombe na dawa zinapokutana mwilini

Si dawa zote za maumivu zinazogombana na pombe kwa namna moja. Kiongozi asiyejua tofauti hiyo atawaambia watu maneno ya jumla, nao watayapuuza. Kwa hiyo tutazieleza kwa mafungu manne.

(a) Parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol. Hii ndiyo dawa inayopatikana hadi kwenye duka la sabuni na chumvi, na kwa mtu mwenye afya anayeitumia kwa kipimo ni dawa salama. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500, na mtu mzima hapaswi kuzidisha vidonge 8 kwa saa 24. Ini ndilo linaloivunjavunja dawa hii. Sehemu ndogo ya dawa hugeuka kuwa sumu, na ini lina akiba ya kinga inayoizima sumu hiyo mara moja. Pombe ya kila siku hufanya mambo mawili: hulifanya ini litengeneze sumu hiyo kwa wingi zaidi, na huipunguza akiba ya kinga. Njaa nayo huipunguza akiba hiyo, na mlevi mara nyingi hali chakula. Ndiyo maana waganga wengi huwashauri wanywaji wa kila siku wasizidishe gramu 2, yaani vidonge 4 kwa siku, tena baada ya kumwona tabibu.

Hatari yake nyingine ni kwamba parasetamoli hujificha. Imo katika dawa nyingi za mafua, na imo katika baadhi ya vidonge vilivyochanganywa na diklofenaki. Mtu humeza aina tatu akidhani ni dawa tatu, kumbe ameimeza dawa ileile mara tatu. Na aliyezidisha aweza kuonekana mzima siku ya kwanza. Ini huanza kushindwa siku ya pili au ya tatu. Ipo dawa ya kuizima sumu hiyo, lakini hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Tusingoje macho yawe ya manjano.

(b) Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Hizi hupunguza uvimbe na maumivu ya viungo, lakini hudhoofisha utando unaolinda tumbo lisichomwe na asidi yake lenyewe. Pombe nayo huuchubua utando huohuo. Zikikutana, vidonda vya tumbo hutokea na damu huvuja. Mtu hutapika damu au kitu kama masalia ya kahawa, au hupata choo cheusi kama lami. Dawa hizi huweza pia kuumiza figo, hasa za mtu aliyekaukiwa maji.

Hapa sisi watu wa ziwa tuna jambo letu la pekee. Kichocho cha tumbo kimetukaa kwa vizazi vingi. Tunakipata majini tunapovua, tunapofua na tunapooga, mahali wanapoishi konokono wanaokieneza. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, wamekichunguza kwa miaka mingi. Mayai ya minyoo ile hunasa ndani ya ini, na kwa miaka ini hujaa makovu. Damu inayotoka tumboni hukuta njia imezibika. Hutafuta njia nyingine, na mishipa iliyo chini ya koromeo la chakula huvimba kama mpira uliojazwa mno. Siku moja mshipa hupasuka, na mtu hutapika damu tele.

Sasa mtu huyu mwenye ini la makovu, ambaye pengine hajijui, anywe gongo usiku na diklofenaki asubuhi. Anaongeza moto mahali palipokwisha ungua. Na akitapika damu, wapo watakaosema amerogwa, na jirani mwenye macho mekundu ataanza kutazamwa kwa jicho baya. Tume hii inajua vema mwisho wa maneno kama hayo. Mnaona, ndugu, jinsi kidonge na kikombe vinavyoweza kutufikisha kwenye mambo ya haki na amani.

(c) Tramadoli, kodeini, pethidini na mofini. Hizi ni dawa za cheti cha daktari. Kazi yake ni kuzima maumivu katika ubongo wenyewe. Lakini katika ubongo huohuo kuna sehemu inayoamuru mapafu yavute pumzi hata tukiwa usingizini. Dawa hizi huipunguza kasi sehemu hiyo, na pombe nayo huipunguza. Kila kimoja peke yake, kwa kiasi, mwili waweza kukistahimili. Vikiwa pamoja vinasaidiana kuizima pumzi. Mtu hulala fofofo, hukoroma kwa sauti ya ajabu, pumzi hupungua, midomo hubadilika rangi, naye hufa pasipo kelele. Jamaa husema amelala vizuri leo. Aidha, tramadoli ina tabia ya kuleta degedege, na pombe huongeza hatari hiyo.

Vipo pia vidonge vilivyotengenezwa ili viachie dawa polepole kutwa nzima. Kwa baadhi yake pombe huyeyusha kizuizi, na dawa ya siku nzima huingia mwilini kwa mkupuo. Mwaka 2005 huko Marekani kidonge kimoja cha namna hiyo, kilichoitwa Palladone, kiliondolewa sokoni kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliagiza onyo kali kuhusu kuchanganya dawa za jamii ya mofini na vilevi au dawa za usingizi.

(d) Dawa nyingine wanazopewa wenye maumivu sugu. Amitriptilini na karbamazepini hutolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Diazepamu hutolewa kulegeza misuli au kuleta usingizi. Zote huongezewa nguvu na pombe. Mtu husinzia, huyumba, huanguka. Kwa mtu wa nchi kavu kuanguka ni kuvunjika nyonga. Kwa mvuvi aliye kwenye mtumbwi usiku ni kuzama.

4. Maneno tunayoyasikia

“Mimi nakunywa bia tu, si gongo.” Pombe ni ileile. Chupa moja ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 huuchukua mwili saa mbili hadi tatu kuimaliza. Anayekunywa chupa nne jioni, pombe ingali ndani yake anapomeza kidonge kabla ya kulala. Gongo ni mbaya zaidi kwa sababu haina kipimo. Hakuna ajuaye nguvu yake, na mara nyingine huwa na sumu inayopofusha.

“Mimi nimezoea.” Aliyezoea hujisikia mzima, lakini ini lake halijazoea. Wala pumzi haizoei kama kichwa kinavyozoea.

“Nikinywa maumivu yanaisha.” Huisha kwa saa chache. Kisha pombe huharibu usingizi, huuvuruga moyo, na asubuhi maumivu huwa makali kuliko jana. Kwa mgonjwa wa selimundu hali ni mbaya zaidi: pombe hukausha maji mwilini, na ukavu huo waweza kuamsha yale maumivu ya mifupa anayoyakimbia.

“Basi siku nitakayokunywa, dawa naiacha.” Anayesema hivyo hujiona mwangalifu, lakini hukaa na maumivu yasiyotibiwa, na siku ya pili hurudia dawa kwa pupa ili kufidia. Hapo ndipo kipimo kinapopotea.

5. Haki iko wapi katika jambo hili?

Tunaona haki tatu zinazodaiwa.

Ya kwanza ni haki ya kujua. Mwaka 1998 Marekani iliagiza kwamba pakiti za dawa za maumivu zinazouzwa bila cheti ziandikwe onyo kwa watu wanaokunywa pombe kila siku. Mnunuzi wa huko hulisoma kwa lugha yake. Kwetu vidonge hukatwa vinne kutoka kwenye karatasi yake na kutiwa katika bahasha ndogo, au mkononi mwa mtoto aliyetumwa. Karatasi ya maelezo hubaki dukani, nayo mara nyingi ni ya Kiingereza. Mtu aliyemeza bila kuambiwa hakutenda uzembe. Amenyimwa haki yake. Anayeuza dawa, awe na duka la dawa muhimu au famasi kubwa, anadaiwa sentensi moja: “Dawa hii usiichanganye na pombe, na sababu ni hii.” Kuisema hakuchukui hata dakika moja.

Ya pili ni haki ya kutulizwa maumivu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya ulikiri kwamba dawa hizo ni za lazima katika kupunguza mateso, na kwamba nchi zinapaswa kuhakikisha zinapatikana kwa kazi hiyo. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani hatua kwa hatua, hadi mofini. Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha kwamba jambo hili halihitaji utajiri: tangu mwaka 1993 daktari Anne Merriman alipoanzisha huduma yake Kampala, wagonjwa wamepewa nyumbani mofini ya maji ya kunywa, na tangu mwaka 2004 hata wauguzi waliofunzwa wameruhusiwa kuiandika. Kanisa letu halikubaki nyuma katika kuponya. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za Maaskofu, ikataifishwa mwaka 1972, ikarudi mikononi mwao mwaka 1985 kwa makubaliano na Serikali, na leo ina huduma ya saratani. Hata hivyo Bugando iko mlimani mjini, na wagonjwa wengi wako visiwani. Mahali ambapo dawa halali haifiki, pombe haramu hufika. Kuukemea ulevi bila kudai dawa ni kufanya nusu ya kazi.

Sheria nazo zimejaribu. Gongo imepigwa marufuku kwa sheria tangu mwaka 1966. Viroba vilizuiwa tangu Machi 2017. Tunaziunga mkono hatua hizo. Lakini gongo ingali inapikwa, na mara nyingi mpishi ni mama anayetafuta ada ya mtoto. Askari anaweza kuvunja pipa. Maumivu ya mgongo hayavunjwi kwa rungu.

Ya tatu ni haki ya kusema ukweli bila kuaibishwa, na hii inatuhusu sisi moja kwa moja. Muuguzi akimwuliza mgonjwa, “Unakunywa pombe?” mara nyingi hujibiwa, “Hapana.” Kwa nini? Kwa sababu pembeni amekaa shemeji aliye katekista, au kwa sababu muuguzi mwenyewe anaimba naye kwaya. Jibu hilo la “hapana” laweza kumgharimu maisha, kwani mganga huandika dawa akidhani anamwandikia mtu asiyekunywa. Nani aliyemfundisha kusema uongo huo? Tumetangaza kwa miaka mingi kwamba mlevi hana nafasi katika uongozi, katika usimamizi wa ubatizo, wala hata katika mazungumzo yetu. Si kwamba tulikosea kuukemea ulevi. Ulevi huvunja nyumba, na ni nani kati yetu asiyelijua hilo? Tulikosea pale ambapo mtu mgonjwa alijifunza kutuogopa kuliko kuogopa kifo.

6. Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tukimtembelea mgonjwa, tubadili swali. Badala ya “Umeacha?” tumwulize, “Unapata usingizi? Maumivu yakizidi usiku unafanya nini?” Atasema mwenyewe. Tukiona chupa, tusijifanye hatukuiona, wala tusiinyanyue mbele ya wanawe. Tungoje tukae naye peke yake, tumwambie kwa upole, “Ndugu yetu, hivi viwili pamoja vinaua. Twende sote kwa mganga tumweleze.” Na tuliyoyasikia tuyafunike.

Pili, kila anayekwenda kutibiwa abebe vidonge vyote anavyotumia, pamoja na vya dukani na vya miti shamba, akaviweke mezani mbele ya mganga. Akisema ukweli wa pombe, aseme kiasi gani na mara ngapi. Mganga anayejua hilo anaweza kuchagua dawa nyingine au kipimo kingine. Na sisi watu wa mwambao tuombe tupimwe kichocho na homa ya ini. Kichocho kina dawa, nayo ni prazikwanteli.

Tatu, tusimwamuru mtu aache ghafla. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikata mara moja aweza kutetemeka, kuona mizuka na hata kupata degedege la kumwua. Kadhalika, aliyetumia mofini au tramadoli kwa muda mrefu asiachishwe kwa siku moja. Wote wawili wanahitaji tabibu. Vilevile tusimnyime mgonjwa wa saratani mofini yake kwa hofu kwamba atakuwa mraibu. Ikitolewa kwa kipimo na kusimamiwa vizuri, ni dawa ya rehema.

Nne, tujue la kufanya saa ya hatari. Mtu aliyekunywa na kumeza dawa, akilala na kutoamshika kwa kutikiswa na kuitwa, akikoroma isivyo kawaida au akipumua kwa nadra, tusimwache “alale hadi pombe iishe”. Alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimzibe koo. Asipewe maziwa, kahawa wala chumvi, asimwagiwe maji. Apelekwe hospitali mara moja, na pakiti za dawa zipelekwe pamoja naye. Hospitali huweza kuwa na naloksoni, dawa inayoiamsha pumzi iliyozimwa na jamii ya mofini. Anayetapika damu au kupata choo cheusi naye ni wa kukimbizwa saa hiyohiyo. Visiwani, Jumuiya iamue mapema ni mtumbwi wa nani utakaotumika na mafuta yatatoka wapi. Tusianze kuchangishana huku mgonjwa akikata roho.

Tano, viongozi waende pamoja kwa wenye maduka ya dawa wa kijiji chao, si kwa vitisho bali kwa udugu, wawaombe waseme ile sentensi moja kwa kila mnunuzi. Na halmashauri za vijiji na kata ziulizwe mikutanoni: dawa za maumivu zinafika kwenye zahanati yetu? Zisipofika, ni kwa nini? Swali hilo ni haki ya raia.

7. Hitimisho

Ndugu wapendwa, Msamaria Mwema hakumwuliza majeruhi ametoka wapi wala kwa nini alisafiri peke yake. Aliyatazama majeraha, akayatibu, akalipa gharama ya siku zilizofuata. Siku ile ufukweni sisi tulifanana zaidi na wale wawili waliopita kando, ingawa tulisimama tukasali. Hatuwezi kumrudia mvuvi yule. Lakini wapo wengine, wiki hii, katika kila Jumuiya iliyowakilishwa hapa, ambao watasikia hodi yetu na kusukuma chupa chini ya kitanda. Tuombe, na tufanye kazi, ili siku moja wasione sababu ya kuificha, bali watukaribishe na kusema, “Ingieni, nina jambo la kuwaeleza.”



Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu, ni nani wanaoishi na maumivu ya muda mrefu? Mara ya mwisho tuliwatembelea lini, nasi tuliwauliza nini?
2. Mgonjwa anayekunywa pombe anaweza kumweleza nani ukweli katika kijiji chetu bila kuogopa? Kama hakuna, kosa ni la nani?
3. Dawa za maumivu zinauzwa wapi hapa kwetu? Je, muuzaji humweleza mnunuzi hatari ya kuchanganya na pombe?
4. Mtu akikutwa usiku hawezi kuamshika, tutamfikishaje hospitali? Tupange leo: chombo, mafuta, na watu wawili wa kumsindikiza.
5. Ni jambo gani moja ambalo Jumuiya yetu italitekeleza kabla ya mkutano ujao, na ni nani atakayetoa taarifa?